Osuri ya Oyugi

Mzee Oyugi wa Asembo Bay ameezeka nyasi miaka arobaini. Siku hizi kila mwenye akili analala chini ya mabati, kwa hiyo wateja waliomsalia ni mahoteli ya Kisumu, yanayotaka nyasi juu na kiyoyozi chini. Moyoni alitamani kitu kimoja: kuezeka tena nyumba ya watu kuishi. Mwaka huu akapatikana Mwalimu Opondo wa Bondo, mstaafu, aliyetaka nyumba ya mviringo kwenye boma lake jipya.

Kabla kazi haijaanza, Nairobi ikamkumbuka. Nchi ilikuwa na banda kwenye maonyesho ya kimataifa huko ng'ambo, na kamati, baada ya vikao vingi na chai nyingi zaidi, ilikuwa imegundua kwamba sisi sote tunaishi kwenye misonge. Oyugi akapandishwa ndege.

Bandani, ndani ya ukumbi mkubwa, alikuta vinyago ambavyo hajapata kuviona kwao wala kwa jirani, ngozi za pundamilia za kiwandani, na twiga wa plastiki. Mapambo hayakuwa kazi yake. Aliezeka siku tisa, kisha akasimamisha osuri kileleni, ule mti uliochongoka ambao kwa Wajaluo hukaa juu ya nyumba maadamu mwenye boma yu hai. Siku anapokufa, huvunjwa.

Akaja Janice, msimamizi wa mapambo.

"Mzee, hiyo kijiti inagusa dari ya ukumbi. Tutakata kidogo tu."

"Mama, hiyo haikatwi. Inakatwa mtu akikufa."

"Na huku nani atajua?"

"Wenyewe watajua."

Janice akatabasamu kama wasomi wanavyotabasamu wakimvumilia mzee. "Sawa. Enda kwanza ukunywe chai."

Oyugi si mtoto. Alijua chai hiyo ni ya nini, akaenda. Aliporudi, osuri ilikuwa kisiki. Twiga naye alikuwa akigusa dari, lakini kwa heshima yake waling'oa ubao mzima ili kichwa kipite.

Siku ya ufunguzi televisheni ilionyesha banda nchi nzima. Wakubwa walikata utepe chini ya paa la marehemu, wakajipigia makofi, na banda likapewa cheti cha kudumisha mila. Oyugi alirudi Asembo na nakala yake kwenye bahasha, akijionea haya.

Mkewe, Selpha, hakuifungua.

"Mwalimu alipiga simu," alisema. "Amesema usikuje tena. Fundi wa nyumba ya marehemu hawezi jengea mtu ako hai."

"Hukumwambia ni wao walikata?"

"Nilimwambia. Akauliza, wakikata, wewe ulikuwa wapi."

Oyugi alikaa chini. Selpha, kwa mazoea ya miaka mingi, alikuwa amekwisha kummiminia chai, na mzee akaitazama mpaka ikapoa.