Maziwa ya Nekesa

Maembe ya Machakos yanapoingia Nairobi mwanzoni mwa mwaka na kupangwa mafungu mafungu kando ya barabara, mimi huvuka nikapita upande wa pili. Wanangu hudhani sipendi maembe. Nayapenda sana. Ni ile harufu yake, hasa yakiwa yameiva mpaka ganda limeanza kunyauka, ambayo hunirudisha jikoni mwa mama yangu kule Huruma, nikiwa na miaka kumi, uma mkononi, nakoroga kitu kizito cha manjano ndani ya sufuria. Yaliyofuata sijawahi kumsimulia mtu. Nawasimulia ninyi kwa sababu hamnijui, na kwa sababu umri wangu sasa si wa kukwepa matunda.

Tuliishi orofa ya tatu kwenye fleti za Huruma. Baba alikuwa karani mjini, na Mzungu aliyekuwa mkubwa wake aliporudi kwao, alimwachia friji yake. Wanaume wanne waliipandisha ngazi huku majirani wamejaa milangoni kutazama. Mama aliiweka sebuleni, wala si jikoni, akaifunika kwa kitambaa alichokuwa amekifuma tangu habari za friji zilipoanza kusikika. Juu ya kitambaa akaweka redio, na juu ya redio kitambaa kingine. Kusema kweli hatukuwa na vitu vingi vya kutia humo. Kwa wiki kadhaa ilitunza chupa za maji na nusu kabeji, na wageni walipokuja mama alitafuta kila sababu ya kuifungua ili waone taa ikiwaka ndani.

Kwenye droo ya chini, ile ya mboga, nilikuta kijitabu cha mapishi kilichosahauliwa na wenyewe. Katikati palikuwa na picha ya watoto wa Kizungu wameketi juu ya nyasi, kila mmoja ameshika biskuti mbili zilizobana aiskrimu nene katikati. Kwa Kiingereza changu cha darasa la nne nilielewa kwamba hayo yalikuwa mapishi ya msimu wa jua, na kwamba unaweza kutia tunda lolote la msimu huo. Nilichungulia dirishani. Ilikuwa Januari, jua la Huruma linachoma mabati, mifereji imekauka, na akina mama wamepanga mitungi foleni tangu asubuhi. Nyasi hatukuwa nazo. Lakini jua tulikuwa nalo la kutosha, na chini ya kitanda changu kulikuwa na gunia la maembe kutoka kwa nyanya yangu wa Machakos.

Siku yangu ya kuzaliwa ilikuwa mwishoni mwa Februari, na mama alikuwa amemwalika Mama Caro. Huyu aliwahi kuwa jirani yetu, mlango kwa mlango, kabla mumewe hajapandishwa cheo wakahamia Donholm, kwenye nyumba yenye geti lake. Binti yake, Caro, alikuwa rika langu. Tangu wahamie huko alikuwa ameanza kusemea puani, na kanisani akinisalimu alinyoosha vidole tu. Nilitaka Caro aketi kwetu, ale aiskrimu iliyotoka kwenye friji yetu, akose la kusema. Hilo ndilo nililolitaka duniani mwaka ule.

Mama alisikiliza mipango yangu huku anapiga pasi, akasema, "Maziwa ya hapa ni ya chai. Ukitaka ya kuchezea, tafuta yako."

Yangu nilikuwa nayo. Wakati ule wanafunzi walipewa maziwa shuleni mara mbili kwa wiki, pakiti ndogo ya pembe tatu kwa kila mtoto. Tuliing'ata pembe kwa meno, tukainyonya kwa mashindano, kisha tukaipulizia hewa na kuipasua kwa kisigino ili ilie. Mwenzangu wa dawati, Nafula, hakuwahi kuing'ata yake. Aliifuta kwa sketi, akaitia ndani ya mkoba wake wa kitambaa, akaufunga.

Nafula alikuja shuleni kwa miguu kutoka Mathare, bondeni kabisa, karibu na mto. Wazazi wake walikuwa wametoka Magharibi; baba yake alibahatisha vibarua vya Industrial Area, mama yake alifulia watu nguo Eastleigh. Alikuwa hodari wa hesabu, na za kwangu nyingi alizifanya yeye. Akicheka alifunika mdomo kwa mkono, na kwa kuwa mimi nilipenda kuchekesha watu, tulifaana. Mara nyingi baada ya masomo tulipitia kwetu tukala embe moja moja, akaenda zake kabla mama hajatoka kazini. Mama alimjua kwa jina tu.

"Hiyo maziwa hupelekea nani?" nilimwuliza siku moja.

"Mtoto wetu. Nekesa."

"Si unipee wiki tatu tu? Natengeneza aiskrim ya birthday."

Alikwaruza dawati kwa ukucha. "Mama ataniuliza."

"Mwambie siku hizi tunakunywa hapo hapo mbele ya mwalimu. Na wewe utakuja pati. Utakula wa kwanza, haki ya Mungu."

Nilimwona akifikiri. Nataka mjue hilo, kwa maana nimejidanganya miaka mingi kwamba sikuona. Nilimwona akifikiri juu ya mtoto, nikaona pia vile neno "pati" lilivyomwingia, nikangoja. Alifungua mkoba akanipa.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa ukwaju. Mama alikuwa nao kwenye mkebe, nami niliona utanoga. Tulichemsha maziwa ya wiki ile, yangu na yake, tukamimina maji ya ukwaju, na mbele ya macho yetu maziwa yakakatika, yakawa mabonge yanayoelea kwenye maji ya kahawia. Nilicheka mpaka nikaketi sakafuni. Nafula hakufunika mdomo safari hii, kwa sababu hakucheka.

"Haiwezi kunywewa?" aliuliza.

"Nani atakunywa hii?" nikasema, nikaibeba sufuria nikaimwaga chooni. Alisimama mlangoni mwa choo akitazama mpaka nilipovuta maji.

Kwa maembe mambo yalinyooka. Maziwa ya wiki mbili zilizofuata niliyatunza kwenye friji, na siku moja kabla ya sherehe tukayapika na sukari na unga wa kastadi mpaka yakawa mazito, tukayapoza kwenye beseni la maji. Nafula ndiye aliyeponda maembe kwa uma, akatoa nyuzi moja moja. Sufuria moja tuliitia maembe, nyingine pasheni pamoja na mbegu zake. Kisha tuliziingiza zote mbili kwenye kile kikabati cha barafu, tukawa tunazitoa kila baada ya muda kukoroga ili barafu isishikane mawe. Alipoondoka nilimwambia aje kesho saa nane. Akauliza avae nini. Nikamwambia avae nguo nzuri.

Basi siku hiyo ikafika. Mama alikuwa jikoni akimalizia chapati, baba ametoroka kwenda kwa marafiki zake. Caro aliketi kwenye kochi na gauni la marinda, soksi nyeupe mpaka magotini, na Mama Caro akajipepea kwa kipochi akisifu friji kwa namna iliyotufahamisha kwamba yao ni kubwa zaidi. Niliwatolea biskuti zangu, aiskrimu imebanwa katikati, kwenye sahani ya maua. Caro aling'ata. Macho yakamtoka kidogo, akasahau kusemea puani, akasema, "Hii umetoa wapi?" Nikasema, "Nimetengeneza mwenyewe."

Ndipo mlango ukabishwa. Nilifungua, na pale alisimama Nafula. Alikuwa amevaa rinda la kijani lililokuwa la mtu mkubwa, limepunguzwa kwa mkono na kunyooshwa vizuri sana. Miguu aliipaka mafuta, lakini vumbi la njia ya Mathare lilikuwa limeyakuta mafuta hayo. Na mgongoni, ndani ya leso, alimbeba mtoto, kwa sababu Jumamosi mama yake alifua na hapakuwa na mwingine wa kumwachia.

Hapa kwetu Nairobi msichana aliyembeba mtoto mgongoni, akiwa na vumbi miguuni na nguo isiyo yake, mtu haulizi ni nani. Ana jina lake tayari: yaya. Mama Caro alimtazama juu mpaka chini, akaniuliza bila hata kushusha sauti, "Mwende, huyu ni ayah wenu?"

Ningeweza kusema ni rafiki yangu. Ni maneno matatu. Niliyasikia kichwani, nikamwona Caro ameacha kutafuna ananisubiri, nami nikasema, "Hapana, anti. Ni ayah wa majirani."

"Basi aketi jikoni na huyo mtoto, atapewa kitu. Hapa kuna wageni," Mama Caro akasema.

Nafula alinitazama. Sikuinua macho zaidi ya kola ya rinda lake. Kisha akapita nyuma ya kochi, taratibu, akimkinga mtoto asigonge meza, akaingia jikoni.

Nilimfuata mpaka mlangoni, kwa hofu tupu, kwa sababu mama yangu alikuwa humo na Nafula angesema kila kitu. Nilimsikia mama akiuliza, "Wewe ni mtoto wa nani, mama?"

"Nimekuja kusaidia kuosha vyombo," Nafula akajibu.

Mama, ambaye hakuwahi kukataa msaada, alimwambia Mungu ambariki, akamwekea chai na chapati juu ya stuli, akatoka kwenda kuketi na wageni. Mimi nilirudi sebuleni nikala biskuti yangu. Sikumbuki ladha yake. Zilikuwa za kutosha watu waliokuwa sebuleni, na Caro aliomba ya pili nikampa.

Nilipopeleka sahani jikoni Nafula alikuwa amezigeuza zile sufuria mbili kwenye mwanga wa dirisha. Chai ilikuwa bado juu ya stuli, haijaguswa. Alikuwa amemshusha Nekesa akamketisha kwenye paja, na kwa kijiko alikuwa akikwangua pembeni, pale aiskrimu ilipogandia, akimlisha. Mtoto alikuwa na miezi kama kumi, kichwa kikubwa, mikono myembamba sana. Kila kijiko kilipokaribia alikishika kwa mikono yote miwili akakivuta. Nafula alikuwa akimwambia kwa lugha yao, polepole, maneno nisiyoyaelewa. Aliponiona alimfunga mtoto mgongoni, akaosha sufuria, sahani na vikombe vyote, akavipanga. Akaaga mama yangu kwa heshima, akaenda. Mimi hakuniaga.

Jioni mama aliniuliza, "Yule msichana mwenye adabu ni wa nani?" Nikasema simjui.

Jumatatu ilikuwa siku ya maziwa. Nafula aliketi mahali pake, akanisogezea daftari la hesabu kama kawaida, lakini akalitazama daftari tu, si mimi. Nilipopewa pakiti yangu sikuing'ata. Niliisukuma mpaka upande wake wa dawati. Aliitazama kwa muda. Kisha aliifuta kwa sketi, akaitia mkobani pamoja na yake, akasema, "Asante."

Nilimpa pakiti zangu zote muhula ule na uliofuata, na kila mara alisema hivyo hivyo, asante, kwa sauti ile ile. Moyo wangu ulitulia. Nilijiambia kwamba mambo yameisha, kwamba angekuwa na kinyongo angenitupia. Kweli hakuja tena kwetu, hata nilipomwita, na nilipochekesha watu darasani yeye aliinama akaandika. Lakini Nekesa alianza kutembea mwaka huo. Nilimwona siku moja langoni mwa shule, ameshika sketi ya dada yake, mashavu yamejaa kidogo. Nikajipongeza. Ndiyo, nilijipongeza, mnaweza kunicheka.

Miaka mingi baadaye nilipoteza kazi nikiwa na mtoto mchanga, na mume hayupo. Wifi yangu, ambaye alikuwa amenisema vibaya mbele ya ukoo mzima, alikuja kwangu Ijumaa moja na mfuko wenye unga wa uji na mkebe wa maziwa ya unga. Aliuweka mezani, akangoja. Mwili wangu wote ulitaka kuufungua mlango na kumrushia vitu vyake nje. Mtoto alikuwa analia chumbani. Nilichukua ule mfuko, nikauweka kabatini, nikasema asante. Nikaisikia sauti yangu, nikaitambua: ilikuwa ile ile ya Nafula akipokea pakiti. Wifi alitabasamu, akaketi vizuri kwenye kiti, na nikaona usoni mwake kwamba anadhani nimemsamehe.