Masikio ya Sungura

Bibi Cherehani, kama mtaa mzima unavyomwita, alikuwa akimshonea mjukuu wake wa mbali vazi la sungura wa kitabuni. Masikio yalimtoa jasho: hata alipoyatia kadibodi, yalilala. Mtoto wa kumjaribishia hakuwepo, akayavaa mwenyewe. Mara mlango ukagongwa, akaenda kufungua bila kuyavua.

Msoma mita wa maji akaanza, "Shika...," kicheko kikamzidi.

"Malizia shikamoo yako! Hujaona sungura?" bibi akafoka.

"Shikamoo, bibi. Umependeza kweli!"

Akasoma mita, akaenda zake huku bado anacheka.

Bibi akarudi kwenye cherehani akinung'unika kwamba watu wa siku hizi hawana adabu. Lakini masikio hakuyavua. Alishinda nayo kichwani mpaka jioni, akingoja mlango ugongwe tena.