Kaka Ezell na Farasi wa Kwenye Ngazi

Kaka Ezell Tolliver hasemi uongo. Ni shemasi kanisani kwetu, amekuwa shemasi tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ukimuuliza kama gauni lako limekupendeza atakuangalia juu hadi chini, kisha atakuuliza habari za watoto. Mimi nimeshaacha kumuuliza mambo ya magauni. Mama zetu ni ndugu wa tumbo moja, wake ndiye mkubwa, kwa hiyo namfahamu mtu huyu miaka yote sitini na sita niliyokaa duniani, na sijawahi kumkamata akidanganya hata siku moja.

Tatizo ni kazi yake. Kwa miaka kumi na tisa, tangu alipostaafu kuendesha basi la shule, Ezell anawatembeza wageni wa Larkmoor, jumba la nguzo nyeupe la Bi Corinne Bledsoe, hapa mjini Natchez. Wageni wanalala kwenye vitanda vyenye mapazia. Saa tatu asubuhi wanakula nilichopika mimi, halafu Ezell anavaa koti lake la bluu lenye vifungo vya shaba, anakohoa mara mbili na kuanza kuwazungusha. Sasa mtu asiyesema uongo, katika jumba ambalo kila kiti kina kisa chake, atafanyaje? Ezell alijipatia dawa. Kila kitu anakianza na "inasemwa." Inasemwa kioo hiki kilitoka Paris. Inasemwa bibi harusi mmoja alilia kwenye dirisha hili hadi jicho likapofuka. Nami huko jikoni nasikia inasemwa, inasemwa, hadi mikate inakaribia kuungua.

Mwisho wa matembezi ni ngazi. Nguzo yake ya chini kabisa, ya mti wa mahogani, imechimbika alama ya nusu mwezi, pana kama kiganja. Inasemwa kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kapteni wa jeshi la Kaskazini aliingia na farasi hadi ukumbini, saa ya ukutani ikagonga, farasi akashtuka na kuipiga nguzo teke. Wageni wanaipenda alama hiyo kuliko hata mikate yangu. Wanaipapasa, wanapiga nayo picha, na bwana mmoja wa Ohio aliwahi kuipigia saluti.

Hakukuwa na farasi. Mwaka 1961 mtoto wa pekee wa nyumba hiyo, ambaye ndiye Bi Corinne wa leo, alikuwa na miaka saba. Alikalia sinia la fedha, akateleza nalo kutoka juu hadi chini, na ukingo wa sinia ukaila nguzo. Aliyesingiziwa ni mtumishi wa ndani, Ola Mae Tolliver, mama yake Ezell, mama yangu mkubwa. Ilidaiwa kwamba aliangusha sinia kwa uzembe. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, na habari ikamtangulia kila mlango aliobisha: yule Ola Mae anavunja vitu vya watu. Hakuna nyumba kubwa mjini iliyomchukua tena. Alifua nguo za watu kibarazani kwake kwa miaka ishirini na mbili. Farasi alikuja baadaye, pale mzee Bledsoe, baba yake Bi Corinne, alipoanza kuonyesha nyumba kwa watalii na kuona alama inahitaji kisa chenye heshima zaidi.

Kama Bi Corinne anakumbuka, hajawahi kusema. Na sisi hatujawahi kumuuliza.

Ezell alipoichukua kazi aliniapia. "Vernice, wacha nizoee wiki moja tu, halafu nitaisema ile habari mbele ya watu wote." Wiki ya kwanza ilikuwa ya mvua. Ya pili alikuwepo mchungaji kutoka Memphis. Ya tatu Bi Corinne akamletea lile koti, na mwanamume akishapewa vifungo vya shaba, basi tena. Nimemtania miaka yote hiyo, na nakiri sikuwa na haki, maana mimi mwenyewe nilikuwa jikoni nakanda unga, mdomo nimeufunga.

Aprili mwaka huu Mama Mkubwa alikuwa anatimiza miaka tisini na mitatu. Ezell akamuuliza anataka zawadi gani.

"Nataka kulala Larkmoor," akasema. "Chumba cha mbele, chenye roshani. Na asubuhi nataka nikae mbele ya ile ngazi nisikie mtu akisema si mimi niliyeiharibu. Keki sitaki."

"Mama, si nikununulie redio mpya?"

"Redio ninayo."

Bi Corinne alipopata simu alifurahi kweli. Mama yake Ezell! Alale bure! Mama Mkubwa akakataa katakata. "Mgeni wa bure hawezi kulalamika," alimwambia, "na mimi nakuja kulalamika."

Na alilalamika. Alifika Ijumaa mchana na fimbo yake, akapitisha kidole juu ya meko ya kuotea moto, akakiinua kidole kwenye mwanga.

"Nani anafuta vumbi hapa?"

"Kuna msichana, Bi Ola Mae."

"Hafuti huyo. Analihamisha tu."

Shuka, akasema, imetandikwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kwao. Mapazia yananuka kabati. Bi Corinne alisimama mlangoni na kusema "ndiyo, Bi Ola Mae" na "samahani, Bi Ola Mae," na mimi nilikuwa nimebeba taulo, nikauma midomo nisicheke. Zamani katika nyumba ile mtoto wa Kizungu wa miaka saba aliitwa Bi Corinne, na mwanamke mweusi wa miaka thelathini aliitwa Ola Mae tu.

Bi Corinne alipoondoka, Ezell aliingia na chai ya barafu ya mama yake. Akaizungukazunguka meza, kisha akasema, "Mama, kesho nitalisema. Lakini kwa njia yangu."

"Njia yako naijua. Inasemwa."

"Sijawahi kudanganya mtu, Mama."

"Inasemwa na nani, Ezell?" Hakupandisha sauti. "Nimekaa kwenye mji huu miaka yangu yote. Mzee Bledsoe alishakufa. Anayeisema sasa ni nani kama si wewe?"

Ezell akaviangalia vifungo vyake. Mimi nikakunja taulo zilizokuwa zimekunjwa tayari.

Baadaye Ezell alinifuata jikoni, akakaa, na akaacha pai ya pichi mbele yake bila kuigusa, jambo ambalo sijawahi kuliona hata kwenye misiba. "Nikisema, Bi Corinne atanivua koti hili."

"Limeshakubana hata hivyo."

"Vernice, naipenda kazi hii. Naipenda hata nyumba yenyewe, Mungu anisamehe."

Hapo sikuwa na utani. Mimi pia naipenda, na ni jambo gumu kulisema ukiwa mtoto wa waliozitumikia nyumba hizi.

Asubuhi mezani walikuwepo wageni sita, na Mama Mkubwa kwenye kiti cha mbele na kofia yake ya zambarau ya Pasaka. Alikula mikate miwili na jamu ya tini, akaniambia uji wa mahindi umepungukiwa chumvi, na ulikuwa umepungukiwa kweli. Kisha Ezell akavaa koti. Tukambebea Mama Mkubwa kiti kutoka chumba hadi chumba, hadi tukamkalisha mbele ya nguzo, karibu kiasi cha kuigusa kwa fimbo. Bi Corinne akaja kusimama kwenye mlango wa chumba cha kulia na birika la kahawa, kama kawaida yake. Hakosi sehemu ya farasi.

Ezell akakohoa mara mbili. "Inase..." Akakohoa mara ya tatu. Mama mmoja wa Indiana alikuwa ameshainua simu apige picha.

"Alama hii huwa naambia watu ni ya farasi," Ezell akasema. "Hakuna farasi aliyeingia humu. Mwaka 1961 mtoto aliteleza kwenye ngazi hii juu ya sinia. Akasingiziwa mwanamke aliyefanya kazi humu miaka tisa bila kuvunja hata kijiko. Akafukuzwa, na mji mzima ukamfungia milango. Anaitwa Ola Mae Tolliver. Ni mama yangu, ndiye huyu mwenye kofia. Na mimi, mwanawe, nimesimama hapa miaka kumi na tisa nikimsifia farasi."

Sauti yake ilikatika pale kwenye "mwanawe." Nililia, nikajifuta kwa aproni, na sioni aibu kusema.

Yule mama wa Indiana akashusha simu. "Sasa huyo mtoto alikuwa nani?" aliuliza, bila ubaya wowote.

Ezell alikuwa ameshatoa lake. Hakuna aliyemtazama Bi Corinne, sisi watu wa hapa tumefundwa. Tulitazama zulia, tukatazama saa, tukamtazama babu wa Bi Corinne kwenye picha. Bi Corinne akaliweka birika la moto juu ya meza bila kitambaa chini yake, kitu ambacho angemkaripia mtu yeyote kwa kukifanya.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ndogo. "Baba aliniuliza, nikasema ni Ola Mae."

Mama Mkubwa akaweka mkono nyuma ya sikio. "Unasemaje?"

"Ni mimi. Nilisema ni wewe."

"Toa sauti, mwanangu. Masikio haya ni ya zamani."

Bi Corinne alifundishwa tangu utotoni kwamba bibi wa heshima hapazi sauti ndani ya nyumba. Akapaza. "Hakuwa Ola Mae! Ilikuwa ni mimi! Niliogopa kuchapwa nikamsingizia, na nimelijua hilo siku zote za maisha yangu!"

Ukumbi mzima ulisikia, na nadhani hata mtunza bustani. Mama Mkubwa akashusha mkono na kuinyoosha kofia yake. Mwanamke huyu, kwa taarifa yenu, anakaa ng'ambo ya barabara na kwangu, na akiwa kibarazani kwake anasikia mafuta yangu yakichemka.

"Nilikusikia mara ya kwanza," akamwambia Bi Corinne. "Lakini nimengoja miaka sitini na tatu. Mara moja haikunitosha."