Ufunguo Wake Anao Nani?

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya chama chetu cha kuweka na kukopa, hapa Bunda. Dada wa kaunta akabonyeza kompyuta, akabonyeza tena, akasema, "Samahanini, mtandao umekata."

Mbele yangu alisimama bibi mmoja kutoka Manyamanyama, miongoni mwa walioanzisha chama hiki enzi za kuweka fedha kwenye sanduku la chuma. Mjukuu wake amelazwa Musoma, anasubiri pesa za kupasuliwa.

Bibi akavua ufunguo uliochakaa shingoni, akauweka juu ya kaunta.

"Sanduku letu lilikuwaga na kufuli tatu," akasema. "Funguo tulishika akina mama watatu, kila mtu wake. Mmoja asipofika, tunamfuata hukohuko shambani. Sasa mwanangu, hii kompyuta ufunguo wake anao nani?"

Dada akatazama dari. "Mama, mambo yote yako Dar es Salaam."

"Kwa nani huko?"

Dada akabonyeza kompyuta tena.

Mimi ndiye niliyepiga makofi sanduku lilipostaafishwa kuipisha kompyuta. Nikatoka nje, nikautazama mnara wa simu, nikatafuta kichwani mtu wa kumfuata shambani. Sikumpata.