Mkanda wa Tatu Uliomfufua Jemadari

Siku hizi mtu anatazama vita vya nyota peke yake, kiganjani, kainama kama anayekula kwa kujificha. Haya, macho ni yake. Lakini waliowahi kukaa mia tatu kwa pamoja kwenye viti vya mbao, bega kwa bega, jasho kwa jasho, wanajua utamu wa vita ni wenzako. Na wanamkumbuka Gurudumu.

Gurudumu ndiye aliyeendesha mashine ya sinema. Chumba chake kilikuwa juu ya ngazi ya chuma, kikubwa kama kabati, chenye joto la kuivisha ndizi. Mikanda aliipanga sakafuni ndani ya mikebe, wa kwanza hadi wa mwisho, na kupitia kidirisha kidogo aliona visogo vya watu. Visogo vikilala, filamu mbovu. Vikisimama wima, usimguse mtu.

Filamu ya Daraja la Nyota ilikuwa na mikanda mitano, na vita vyenyewe vilikuwa katika wa nne: madubwana ya chuma yakitema moto wa kijani, na Jemadari, mwanamke mwenye mkuki wa radi, akilishika daraja peke yake mpaka likaporomoka naye. Ijumaa ya kwanza, Gurudumu akiwa na mkebe wa tatu mkononi, shemeji yake alipanda ngazi akihema.

"Shemeji! Mkeo kajifungua! Binti!"

Furaha nayo hulevya. Aliuweka mkebe chini, wakakumbatiana, wakarukaruka, kisha akainua mkebe. Ukawa wa nne. Jemadari akafa kabla ya siku zake, ukumbi ukalia. Gurudumu alipogundua, akafunga wa tatu kwenye mashine, na humo Jemadari akatokea juu ya ndege wake wa shaba, anacheka, analiita jeshi.

"Kafufuka!" Watu wazima walipanda juu ya viti. Mkanda wa tano, wa sherehe ya ushindi, haukusikika hata neno.

Kesho yake watu walikuja kumwona aliyefufuka. Gurudumu akawapa. Wiki tatu nzima.

Kisha tajiri, mwenye ukumbi, akapanda ngazi.

"Jumapili mwenye filamu anakuja kutazama. Utaonyesha tatu, halafu nne, kama mtu aliyekwenda shule. Ukivuruga, kazi huna."

"Nimekuelewa, tajiri."

"Una mtoto sasa."

"Ndiyo maana nimeelewa."

Jumapili akaonyesha kwa utaratibu. Mkewe alikaa nyuma kabisa, kichanga kifuani. Jemadari akaanguka. Mkanda wa tano ukaanza kwa shangwe, lakini visogo havikutikisika. Halafu vikageuka, kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza Gurudumu akaona nyuso.

"Gurudumu! Mfufue!"

"Mwanangu," alipaza sauti muuza samaki, "nimeacha samaki wangu juani kwa ajili ya mama huyu. Harusi gani hii bibi harusi hayupo?"

Tajiri alipanda ngazi mbio. "Usithubutu!"

Nyuma yake akaja mwenye filamu, miwani mkononi, akifuta macho.

"Wanataka nini hawa?"

"Wanataka arudi, mzee," alisema Gurudumu.

"Anaweza kurudi?"

Gurudumu aliutazama mkebe wa tatu. Mkanda ulikuwa umeshazungushwa nyuma, tayari. Mkono ulishafanya wenyewe, kwa mazoea au kwa ukaidi.

"Anaweza."

"Sasa unangoja nini, ndugu yangu? Mimi ninamlilia tangu siku niliyoinunua!"

Ndege wa shaba aliporuka, kelele zilitikisa mabati. Mtoto akaamka, akapiga ukelele wake, na mama akamwinua juu watu wamwone.

Ukumbi leo ni ghala la saruji. Binti yule ana mvi, na jina alilopewa na baba yake hakuna anayelijua. Anaitwa Jemadari. Akipita sokoni, wazee waliobaki husimama na kupiga kelele, na vijana huinua vichwa kutoka viganjani, wasijue kumetokea nini.