Wiki Ambayo Rozalia Alifunga Kilabu

Rozalia wa Ipogolo alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, na kwa kazi hiyo alimlea mjukuu wake Marta, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne mwaka 1956. Mianzi yake ilikuwa kando ya mto Ruaha Mdogo. Asubuhi na jioni alipita na kisu akikata ncha ya kila chipukizi, maana mwanzi ukiachwa bila kukatwa hujifunga na haudondoshi utomvu tena. Hakuwa na mume, hakuwa na shamba la maana, na hakuwa na subira na wanaume wanaokunywa kwa mkopo. Nilimheshimu kwa hilo la mwisho, ingawa liliniuma.

Mwaka ule niliingiwa na wazo la kuwapeleka watoto Igowole, kule Mufindi, walale usiku mmoja kando ya msitu. Nilitaka waone chemchemi, wajue miti kwa majani yake, wapike wenyewe. Watoto wa Ipogolo waliyajua malori ya barabara kuu kwa mlio, lakini wengi hawakuwahi kupanda hata moja. Lori la kukodi lilitaka shilingi themanini. Wazazi walichanga mpaka wakachoka tukiwa na arobaini na tano, na mwenye lori akatupa wiki moja tu, la sivyo angebeba mahindi ya mtu mwingine.

Rozalia akaja kwenye kikao cha kamati ya shule na shilingi kumi kwenye fundo la kanga. Mzee Silvester, mzee wa kanisa, akazisukuma kwa kidole.

"Mama Rozalia, hii ni shule ya misheni. Watoto hawawezi kusafiri kwa pesa ya pombe."

Sasa huyo Silvester alikuwa mteja wake wa kila jioni. Kamati nzima tulijua, kwa sababu kamati nzima tulikuwa tukikutana naye huko huko kilabuni kwake. Na bado tukatazama dari, mimi nikiwa wa kwanza. Mpaka leo naona haya.

Rozalia akafunga tena fundo lake. "Jumapili kikapu cha sadaka kinapita kwangu, na hakijawahi kuniuliza pesa imetoka wapi," alisema. "Lakini sawa. Kuanzia kesho kilabu nimefunga, wiki nzima, hakuna kata hata moja. Senti mlizozoea kuniletea mpelekeeni mwalimu. Hizo si za pombe, maana hamtakunywa. Kila mtu atoe kama anavyokunywa, na mwalimu aandike majina ubaoni. Nitakuja kusoma."

Hakujua kusoma, lakini hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Aliendelea kukata mianzi yake ili isijifunge, na mtogwa, ule ulanzi mtamu wa asubuhi ambao haujachacha, akawagawia watoto bure kabla ya kengele. Jioni wanaume walikuta mlango umefungwa. Walisimama wakitazamana, wakaulizana habari za mahindi, mwishowe wakaja kwangu mmoja mmoja. Niliwaandika kwenye ubao wa nje, karibu na kengele.

Silvester alikuja Alhamisi na shilingi moja. Nikaandika. Waliokuwepo wakaanza kukohoa, watu wazima wasio na mafua. Maskini, alibanwa kweli: akitoa kidogo, wenzake wanajua anadanganya, akitoa sawasawa, mkewe atasoma. Alijifuta uso, akaongeza nne.

"Tano! Kwa wiki!" mkewe alisema kesho yake mbele ya ubao. "Na mimi kila siku nabembeleza ya chumvi!"

Pesa yangu niliiandika kwa herufi ndogo, shilingi tatu. Marta aliisoma kwa sauti.

Ijumaa tulifikisha themanini na mbili, na Jumamosi tukaondoka tukiimba. Kule Igowole baridi ilitukaba, tukajibana chini ya turubai moja, na hakuna aliyelala. Watoto walikunywa maji ya chemchemi kwa viganja, wakabishana mpaka usiku mkubwa kuhusu yanakoelekea. Sijawahi kufundisha somo likasikilizwa vile. Nilifurahi mpaka nikasahau miguu yangu ilivyokuwa ikiganda.

Jumatatu nilichukua kitambaa nikafute ule ubao. Marta alikuwa amesimama mbele yake, akipitisha kidole kutoka juu mpaka chini.

"Mwalimu, mbona bibi hayumo? Hakuchanga?"

Niliyatazama yale majina upya. Sisi tuliochanga tulitoa pesa ambayo tungeinywa. Yeye alitoa chakula chake cha siku saba, baada ya sisi kumrudishia shilingi kumi zake mbele za watu. Nikashika chaki, nikaandika juu kabisa, juu ya Silvester, kwa herufi kubwa: ROZALIA. Mahali pa shilingi nilifikiri kidogo, kisha nikaandika: wiki nzima.

Marta akaomba ruhusa aende kumwita bibi yake. Kengele ya somo la hesabu ilikuwa imeshalia, lakini nilimruhusu.