Vashti wa Mount Druitt

Siku aliyobishana na Nicole kuhusu malkia Vashti, Tumsifu alikuwa na pini tatu mdomoni, kwa hiyo maneno yake ya kwanza hayakusikika vizuri. Alizitoa, akazichomeka kwenye kimto chake, akarudia.

"Nasema Vashti alikosea. Mume ameita, tena ni mfalme, na wageni wapo. Angeenda tu, akasimama kidogo, akarudi zake."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, na joto la Mount Druitt lilikuwa limejaa ndani kama mgeni asiyejua saa ya kuondoka. Cherehani ilikaa karibu na dirisha, kochi lote limefunikwa vitambaa, na Thobias, mume wake, alikuwa amehamia uani na kikombe chake cha chai.

Tumsifu alikuwa na miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Mwika, na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja Sydney. Jumatatu hadi Ijumaa alifanya kazi Wetherill Park, katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Jumamosi alishona. Jumapili alikuwa kanisani, sauti ya pili kwenye kwaya, na waliomfahamu walimwita mtu mpole, ambaye ukimpa kazi humsikii tena mpaka aimalize.

Nicole alitafuta fundi wa kushona mavazi ya maigizo, akampata kupitia Njeri, rafiki wa Tumsifu kutoka Nyeri, aliyekuwa akimhudumia mama yake Nicole katika nyumba ya wazee. Nicole alikuwa Myahudi, mwanamke wa miaka sitini mwenye mvi fupi na viatu vya kupandia milima hata siku za kawaida. Yeye na wanawake wenzake wa Kiyahudi kama kumi na tano walikuwa na kikundi cha maigizo. Kila mwaka ikifika sikukuu ya Purimu waliigiza hadithi ya Esta kwa namna yao: mfalme wakamfanya mwenye nyumba anayepandisha kodi, au waziri fulani ambaye kila mtu angemtambua kwa tai yake. Miezi mingine walichora mabango na kuandamana kwa ajili ya wakimbizi. Bibi yake Nicole alikuwa fundi wa nguo huko Poland, akagoma na wenzake kiwandani akiwa na miaka kumi na saba tu. Nicole alizisimulia habari hizo kama mtu anayesimulia mambo ya jana.

"Mume huyo alikuwa amekunywa siku saba mfululizo," Nicole alisema, mikono juu, Tumsifu akimpima kiuno.

"Siku saba?"

"Soma mwenyewe. Imo hata kwenye Biblia yako."

Jioni ile Tumsifu alifungua kitabu cha Esta. Alikijua tangu shule ya Jumapili, lakini sikuzote mwalimu wao alikuwa akipita haraka sura ya kwanza ili amfikie Esta. Sasa aliisoma polepole. Karamu ya siku saba. Moyo wa mfalme umechangamka kwa mvinyo. Wasimamizi saba wametumwa wamlete malkia na taji lake kichwani, ili watu wauone uzuri wake. Na malkia mwenyewe yuko ndani, akiwafanyia wanawake karamu yao.

"Thobias," aliita, "hivi ningekutumia watu saba wakulete kwenye kikao cha akina mama, tukuangalie tu, ungekuja?"

Thobias, ambaye alikuwa dereva wa basi na mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, alifikiri. "Chakula kipo?"

"Hakuna. Unasimama tu."

"Basi siji," alisema, akarudi kwenye gazeti lake.

Mwigizaji wa Vashti alikuwa mwalimu wa sayansi, mja mzito. Kila wiki mbili alikuja kujaribu gauni, na kila wiki mbili Tumsifu aliachia mishono. Alipofika mara ya nne hapakuwa na kitambaa cha kuachia tena, wakacheka mpaka mwalimu akaomba kiti. Siku kumi kabla ya onyesho akajifungua mtoto wa kiume, na Nicole akapiga simu.

"Gauni unalijua kuliko mtu yeyote," alisema. "Livae wewe."

"Mimi ni fundi, Nicole. Wala si Myahudi."

"Vashti naye hakuwa Myahudi."

Tumsifu akauliza, "Anasema nini?"

"Hakuna aliyeyaandika maneno yake. Imeandikwa tu kwamba alikataa. Kwetu kila mwaka mwenye nafasi hiyo hutunga yake."

Tumsifu alisema atakubali kwa sharti moja, kwamba aseme kwa Kiswahili. Nicole hakusita. Joyceline, binti yao wa miaka kumi na sita, alipewa kazi ya kusimama pembeni na kutafsiri. Kiswahili alikielewa chote, ila kila alichoulizwa alikijibu kwa Kiingereza, na hapo kwa mara ya kwanza tabia hiyo ilimfaa mtu. Tumsifu alilipunguza gauni akalirudisha kwenye umbo lake. Kilichobaki ni maneno, na maneno hayakuja. Aliyatafuta akiwa kwenye treni, akayatafuta akipika, akapata mistari miwili inayofanana na mahubiri, akaiacha.

Jumanne ya wiki ya onyesho meneja wa kiwanda aliwakusanya wakati wa chai. Alisema Alhamisi ni siku ya kusherehekea tamaduni. Wageni watakuja kutoka hospitali wanazozifulia, kwa hiyo wanawake wote wavae nguo za makwao, wasimame pale mlangoni kwa ajili ya picha, na wakiweza wacheze kidogo. Alisema kwa furaha kabisa, kama mtu anayegawa zawadi.

Walikuwa ishirini na wawili: Wasamoa, Wavietinamu, Waburundi, na Mtanzania mmoja. Kwa majira mawili ya joto walikuwa wakiomba feni kwenye mashine za kunyoosha mashuka, ambako mtu akisimama saa nane mchana jasho humchuruzika mpaka ndani ya viatu. Mwaka uliopita mwenzao mmoja alizirai hapo. Waliambiwa ombi linashughulikiwa.

Tumsifu aliinua mkono kabla hajajua kwamba atasema.

"Mimi nitakuja na sare," alisema. "Kama kila siku. Wageni wakitaka kutuona, waje kwenye mashine, saa nane."

Meneja alitabasamu, akidhani hakueleweka. Alieleza tena, polepole zaidi. Tumsifu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, bwana. Kitenge changu ni cha kanisani na cha harusi. Sitakivaa mlangoni."

Niyonsaba, Mrundi aliyesimama naye mashine moja mwaka wa tano huo, aliweka kikombe chake chini. "Na mimi pia, sare," alisema. Mama mmoja wa Kisamoa akaitikia kwa kichwa, kisha mwingine, na meneja akasema basi, tutaona.

Wakirudi kazini Niyonsaba alimgusa bega. "Mama Joyceline, wewe leo umetoa wapi hiyo courage?"

"Sijui. Labda nimekaa sana na wale wanawake wa Nicole."

Usiku ule Tumsifu alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Alhamisi wote ishirini na wawili walikuja na sare za buluu. Hapakuwa na mtu mlangoni wa kupigwa picha, kwa hiyo wageni walipitishwa ndani, na walipofika kwenye mashine mmoja wao, muuguzi mwenye miwani, alijifuta uso na kuuliza kama huwa hivi sikuzote. Niyonsaba alimwonyesha kipimajoto ukutani. Kilisoma thelathini na tisa. Muuguzi aliandika kwenye karatasi yake, akamgeukia meneja na kumwuliza maswali mengine mawili, na meneja akayajibu akiwa mwekundu. Hakuna aliyefukuzwa. Feni nne zilifungwa wiki ya pili ya mwezi wa tano, baridi ilipokwisha kuingia, na wanawake walicheka walipoziona, lakini walizijaribu zote.

Siku ya onyesho, Jumapili mchana, ukumbi wa Marrickville ulijaa. Ukutani yalitundikwa mabango ya maandamano ya miaka mingi, na Niyonsaba, aliyekuja na Waburundi wenzake wa kiwandani na aliyekuwa amekulia kambini Kigoma, alisimama kwa muda mbele ya lile lililosema wakimbizi wakaribishwe. Tumsifu alipewa kitafunwa cha pembe tatu, akadhani ni sambusa, akakuta utamu wa mbegu nyeusi ndani. Alikula vitatu. Kilichomshinda ni kelele. Kila lilipotajwa jina la Hamani, yule waziri aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, watu wazima, kwa desturi ya sikukuu hiyo, walipiga makopo na kukanyaga sakafu, na hayo ni Maandiko, yeye aliyezoea kanisa ambalo mtu akikohoa hugeukiwa.

Walipomwita, alitoka na taji la karatasi ya dhahabu. Aliwatazama watumishi saba wa mfalme, wanawake waliobandikwa ndevu za sufu, na akasema kwa sauti ile ile aliyotumia kiwandani:

"Mwambieni mfalme nimemsikia. Nina wageni wangu humu ndani, na chakula bado ni cha moto. Uzuri anaotaka kuuonyesha si mali ya karamu yake. Akitaka kuniona, anajua ninapokaa. Aje mwenyewe, akiwa hajalewa, na abishe hodi."

Waburundi waliokaa nyuma walicheka kabla Joyceline hajafungua mdomo. Joyceline akatafsiri, sentensi moja moja, sauti ikipanda kadiri alivyoendelea, na alipofika kwenye hodi ukumbi mzima ulipiga makopo, ingawa Hamani hakutajwa. Thobias alipiga sufuria aliyoibeba kutoka nyumbani.

Baadaye Njeri alimsukuma mama yake Nicole kwenye kiti cha magurudumu hadi mbele ya Tumsifu. Kikongwe huyo hakusema habari ya maneno. Alishika upindo wa gauni, akaugeuza, akaukagua kwa vidole kutoka mshono hadi mshono.

"Umeshona kwa mkono," alisema.

"Ndiyo, mama. Upindo wa mashine ungeonekana kwenye taa."

"Vizuri," alisema kikongwe, akauachia.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Tumsifu kuongoza somo la umoja wa wanawake kanisani. Mwenyekiti alitarajia Zaburi. Tumsifu alisoma Esta sura ya kwanza, yote, kisha akafunga Biblia na kuwauliza wenzake kama Vashti alikosea. Mama mmoja mzee alisema alikosea kabisa. Mwingine akamwambia asome tena zile siku saba. Wakaanza kubishana, wakavuta viti karibu, na chai ikapoa kwenye birika, wala hakuna aliyeinuka kuimimina.